Jina la Mwenye Kazi



Uingiapo Mfunguo Sita mji wetu wa Lamu huwa hauna nafasi. Wageni hutujia kutoka Mombasa na Malindi, na wengine kutoka Unguja na Ngazija. Kila nyumba hutandika mikeka ya ziada, na kila jiko huinjika chungu kikubwa kuliko cha jana. Mwishoni mwa mwezi husomwa maulidi katika Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh, Mwenyezi Mungu amrehemu, na kandoni mwake huwapo mashindano ya mashua na ya punda, ya kuandika khati na ya kupaka hina. Watu huja kwa ajili ya Mtume (S.A.W.), lakini jicho la mwanadamu halishibi, nao hupenda pia kutazama kazi za watu wa mahali walipofika, na kununua kitu cha kuwachukulia walio nyumbani.

Mwaka 1446, yaani Septemba 2024 kwa hesabu ya Kizungu, vijana wawili walitujia barazani baada ya Alasiri. Wote wawili tuliwasomesha wenyewe katika chuo chetu cha Kurani, na hata leo wana adabu ya kutoketi mpaka waambiwe. Tukawaambia waketi. Mkononi walikuwa na karatasi, nayo ilikuwa ni ombi: wapewe vyumba viwili vya chuo kwa muda wa siku tatu, wafanye maonyesho ya kazi za mikono za watu wa mtaa wetu. Sharti lao lilikuwa moja, kwamba kila kitu kiwe kidogo, mtu aweze kukichukua kwapani akaenda nacho.

Tukawauliza kwa nini wataka vitu vidogo, na hali mji huu wajulikana kwa vikubwa.

"Maalim," akasema yule mkubwa wao, "milango ya nakshi kila mtu aijua, wageni huipiga picha asubuhi mpaka jioni. Lakini fundi wa mtaani hana fedha ya kununua mbao za mbambakofi za mlango mzima, wala hana ua wa kuziweka. Yeye huchonga kisanduku, au kibao cha kukalia, au marufaa ya kuwekea msahafu. Na mama zetu kazi zao zote ni ndogo: kofia, msala, kawa la kufunikia chakula. Hizo hatuzioni kwa kuwa tumezizoea."

Maneno yalikuwa na akili, lakini hatukuwakubalia. Tuliwaambia kuwa maonyesho yapo kila mwaka kule Ngomeni. Ngome yetu, ambayo ujenzi wake ulimalizika karibu na mwaka 1821, na ambayo ilikuwa gereza mpaka mwaka 1984, leo iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na ndani yake huonyeshwa mambo mengi. Basi na wapeleke kazi zao huko. Vijana wakajibu kwa upole kuwa Ngomeni huenda aliye na jina tayari, naye mama ashonaye kofia kizingitini mwake hawezi kujiona ameingia mle. Tukawaambia tena kuwa hatupendi chuo kigeuke duka. Na juu ya hayo twaogopa riya, kwani mtu aanzapo kutundika kazi yake ukutani na kuandika jina lake chini yake, moyo wake wafuata jina, na kazi yabaki nyuma.

Yule mdogo wao, ambaye utotoni alikuwa mzito sana wa kuhifadhi, na ambaye, Mungu atusamehe, tulimchapa mara nyingi kuliko ilivyofaa, akainua kichwa akasema: "Maalim, ajifichaye kwa ikhlasi ana thawabu yake. Lakini hawa hawakujificha, wamefichwa."

Hatukumjibu. Tukawaambia waende, tutafikiri.

Usiku ule tulikumbuka misahafu ya kale iliyonakiliwa kwa mkono huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, karne ya 18 na ya 19, kwa wino mweusi na mwekundu na manjano, yenye mapambo pembeni ambayo huyaoni kwingine. Baadhi ya wanakili wale walipofika mwisho waliandika majina yao na ya baba zao, na tarehe waliyomaliza, na kumwomba msomaji awaombee dua. Walikuwa ni watu wa elimu na wacha Mungu, na kalamu yao ilikuwa katika kitabu kitukufu kuliko vyote. Kama kuandika jina chini ya kazi ni riya bila shaka yoyote, wale wangekuwa wa mbele kuliepuka. Walitaka waombewe, na msomaji atamwombea nani ikiwa hamjui?

Asubuhi tukawaita vijana, tukawapa ufunguo pamoja na masharti. Asubuhi waingie wanawake, na baada ya Alasiri wanaume. Pasipigwe muziki. Pasiwe na picha za viumbe wenye roho. Na kila kitu kiandikwe jina la aliyekifanya. Sharti hili la mwisho waliliandika wao, lakini tuliwaambia kuwa hata kama wasingeliandika tungelitaka sisi. Kumbe tulijipalia makaa.

Kabla ya kufika huko, natuseme kidogo juu ya zile picha, kwani tunajua kuna nyumba nyingi za wasomaji wetu ambamo kijana achora na baba akasirika. Wanazuoni wamehitilafiana. Wako wakatazao kila sura ya kiumbe mwenye roho, iwe yenye kivuli au isiyo nacho. Wako waliotofautisha sanamu na mchoro ulio bapa. Na katika picha za kamera wengi wa zama hizi wamelegeza. Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa Bibi Aisha alitundika pazia lenye sura, Mtume (S.A.W.) akachukia na likaondolewa, naye akalikata akalifanya mito ya kuegemea. Na imepokewa kuwa mtu aliyekuwa akiishi kwa kazi ya kuchora alimwendea Ibn Abbas, naye akamwonyesha njia, kwamba ikiwa hana budi achore miti na visivyo na roho. Sisi si mufti, ila chumba ni cha chuo, nasi tukashika lililo salama.

Basi mmoja wa vijana alikuwa amechora kwa penseli punda amesimama gatini, kwenye karatasi isiyozidi ukubwa wa daftari. Tulipomwambia haitawezekana, hakubishana. Alikwenda akarudi siku ya pili na mchoro mwingine: shogi tupu limeegemezwa ukutani, kamba zimelegea, na chini yake mawe mawili ya matumbawe yaliyoanguka. Punda hayupo, lakini kila aliyetazama alijua kuwa ametoka kutuliwa mzigo na amekwenda zake kunywa maji. Hatutasema uongo: ule wa pili ulikuwa bora kuliko wa kwanza. Kama sababu ilikuwa ni sharti letu au ni kuwa alichora mara mbili, hilo tumwachie mwenyewe.

Kijana huyo huyo alitwambia habari za Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyeanza kupaka rangi vibao vya mraba mjini Dar es Salaam mwaka 1968 na akafa mwaka 1972. Miaka minne tu, kwa vibao vya bei rahisi na rangi za dukani, na leo mtindo mzima waitwa kwa jina lake hata unapopakwa na mkono wa mtu mwingine. Wanyama wake hatukuwataka chuoni, lakini kisa tulikishika.

Siku moja kabla ya kufungua tulipita kutazama kila kitu. Palikuwa na vijahazi vya mbao vyenye tanga la kitambaa, na kimoja kilichofanywa kwa mfano wa mtepe, zile mashua za zamani zilizokuwa zikishonwa kwa kamba bila ya msumari. Palikuwa na misala ya ukindu, yenye ukili mwembamba uliopandishwa rangi nyekundu na kijani. Palikuwa na michoro ya hina iliyochorwa juu ya karatasi na binti wa miaka kumi na minne, ambaye mama yake alisimama karibu naye muda wote kama askari. Marufaa mawili yalikuwa mazuri sana. Vibao viwili vitatu vilikuwa vibaya, na waliovileta walijua, kwani waliviweka pembeni penye giza.

Kimoja kilituletea taabu. Kijana mmoja alichonga aya ya Kurani juu ya ubao, na patasi yake ilikuwa nyepesi na nzuri, lakini pahala penye nukta mbili alitia moja. Nukta moja katika barua ya nyumbani ni jambo dogo. Katika aya yaweza kulipindua neno. Tukauondoa ubao ule. Kijana akalia, na baba yake akaja kutuuliza kwa nini twamvunja moyo mtoto. Tukamwambia kuwa mkono wake hauna kosa, kosa lake ni kuwa alinakili umbo asilolisoma. Na achonge majina na miti mpaka atakapoweza kuisoma aya kabla ya kuichonga. Leo aja chuoni kila Ijumaa asubuhi, na ule ubao twamhifadhia mpaka aisahihishe nukta ile mwenyewe.

Sasa tufike kwenye kofia.

Katika mtaa wetu yuko mama mmoja, mjane, amekaribia miaka sabini, aliyekuwa shoga wa marehemu mama yetu. Tangu tukiwa wadogo hutwita "mwanangu". Mbele ya wanafunzi hutwita Maalim ili asituvunjie heshima, lakini tukiingia kwake ni "mwanangu, karibu, umekula?" Mama huyu ni mshonaji wa kofia za vito. Kwa wasiojua kazi hii, na vijana wengi siku hizi hawaijui kwa kuwa kichwani mwao wamevaa za mashine zitokazo ng'ambo, tuieleze. Kitambaa cheupe hukunjwa tabaka mbili, na juu yake huchorwa nakshi kwa penseli, maua au nyota au mawimbi. Kisha kila tundu hufunguliwa kwa ncha kali, nyuzi za kitambaa zikasukumwa pembeni bila ya kukatwa, na ukingo wake ukazungushiwa uzi kwa sindano mpaka ukasimama. Matundu katika kofia moja ni mamia kwa mamia. Mama yetu huyu hukaa kizingitini tangu jua lipandapo, kwani nyumba zetu za mawe zina giza ndani, na jua likihama naye huhama nalo. Kofia moja humchukua miezi miwili, na akiuguliwa na mjukuu hufika mitatu.

Muda wa miaka mitano sisi ndio tuliokuwa tukimpelekea kofia zake Mombasa. Twasafiri kila mara kununua misahafu na madaftari ya chuo, basi akatuomba tumchukulie. Alisema, "Nipatie elfu moja na mia tano, mwanangu, yanitosha." Mfanyabiashara wa kule alitupa elfu mbili na mia tano kwa kila kofia, naye hakuuliza ni ya nani wala sisi hatukumwambia. Tukimletea mama shilingi 1,500 alizotaja, na shilingi 1,000 tukaziweka. Mara ya kwanza tulisema ni ujira wa njia. Mara ya pili hatukusema kitu. Kofia zilikuwa kumi na nne.

Mlango wa wakala katika fikihi tunausomesha wenyewe. Twawaambia wanafunzi kuwa wakili ni mwaminifu, na akiuza kwa zaidi ya alichoambiwa ziada ni ya mwenye mali, na akitaka ujira na atamke kabla, wakubaliane. Tumewaambia hayo mara nyingi mno, kwa sauti kubwa, dirisha likiwa wazi, na nyumba ya mama yule iko mkabala.

Vijana walipomwomba kofia kwa ajili ya maonyesho alikataa siku mbili. Si kwa sababu ya kofia, bali kwa sababu ya jina. Katika desturi yetu mwanamke huitwa mama fulani, na jina lake mwenyewe hulijua watu wa nyumbani. Alisema ataona haya kulikuta ukutani likisomwa na wapita njia. Vijana wakamwambia wataandika "Mama Fulani". Akawaambia atafikiri. Asubuhi ya siku ya tatu aliingia chuoni akasema, "Maalim, wasema hati yako ni nzuri. Niandikie wewe. Andika jina langu nililopewa na baba yangu, na jina la baba yangu, kwani nakshi hii ndiye aliyenichorea kwanza." Tukatwaa kalamu, tukaandika kwa herufi za Kiarabu juu na za Kizungu chini, kwenye kikaratasi kisichozidi vidole vinne. Tulijitahidi, na khati ilitoka vizuri.

Siku ya kwanza na ya pili zilipita kwa kheri. Watu walikuja wengi kuliko tulivyotazamia. Jambo lililotushangaza ni kuwa watu wa mtaani ndio waliosimama kwa muda mrefu kuliko wageni. Mwanamume mmoja, mchukuzi, alikaa mbele ya msala mmoja kama robo saa, kisha akasema, "Kumbe huyu ni mke wangu," na akatoka bila ya kusema neno jingine. Siku ya pili alirudi na ndugu zake wawili.

Siku ya tatu baada ya Alasiri tulikuwa tumeketi mlangoni kupokea wageni. Juu ya mlango vijana walikuwa wameandika ile hadithi isemayo kuwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na apenda uzuri. Mama wenye kazi walikaa katika baraza ya nje, wamejitanda, wakizungumza. Mgeni mmoja, mtu mzima kutoka Mombasa, akatoka ndani ameshika ile kofia ya vito kwa mikono miwili, akauliza mwenye jina hili yuko wapi. Akaonyeshwa. Akamsalimu kwa heshima, kisha akaivua kofia yake mwenyewe kichwani, akaziweka mbili pamoja.

"Mama, naomba unitazamie," akasema. "Hii niliinunua mwaka jana Mombasa kwa shilingi 6,000. Muuzaji aliniambia yatoka kwa mafundi wake."

Mama akaichukua, akaigeuza ndani nje, akaisogeza karibu na macho, akapitisha kidole ukingoni. "Huu ni mkono wangu," akasema. "Hapa ndipo ninapofungia uzi siku zote. Baba alikuwa akinigombeza, asema fundo lisionekane, nami nikalizoea hapa."

Mgeni akauliza alipata ngapi yeye. Mama akasema shilingi 1,500. Mgeni akatikisa kichwa, akauliza tena, bila ya ubaya wowote kwani hakujua: "Na aliyekupelekea yeye alipewa ngapi?"

Baraza yote ikanyamaza. Mama hakututazama, alikuwa akitazama kofia. Wale vijana wawili walitutazama, kwa kuwa mtaa mzima wajua ni nani aendaye Mombasa. Ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la nanga. Tukasema, "Elfu mbili na mia tano. Sisi ndio tuliozipeleka."

Hakuna aliyetukana wala aliyecheka. Mgeni aliona haya kuliko sisi, akainunua ile ya maonyesho kwa shilingi 6,000, akamkabidhi mama mkononi mwake, akaaga. Sisi tulibaki pale mlangoni kwa kuwa hatukuwa na nguvu ya kuondoka, na juu ya kichwa chetu ile karatasi. Watu hupenda kipande kile cha hadithi na hukiandika kila mahali, lakini yafaa kukumbuka ilipotoka. Mtume (S.A.W.) alikuwa akionya juu ya kibri, mtu akauliza vipi kwa apendaye nguo yake na viatu vyake viwe vizuri, ndipo akajibiwa kuwa uzuri si kibri, kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Miaka mitano tulivaa kofia ya mama yule kichwani kila Ijumaa, tukaisifu, na tukamdharau.

Usiku tulimwendea sheikh wetu, tukamweleza yote. Tulimuuliza kama twaweza kutoa nauli, kwa kuwa njia ni ndefu, mashua mpaka Mokowe kisha basi siku nzima. Akatuuliza, "Ulikuwa ukienda kwa ajili ya kofia?" Tukasema hapana, tulikwenda kwa ajili ya vitabu. Akasema, "Basi nauli ni ya vitabu." Hesabu ikawa shilingi 14,000 kamili. Nasi mwalimu wa chuo hatuna shilingi 14,000 mahali pamoja, na wenzetu wa kazi hii wanajua.

Asubuhi tukaenda kwake na shilingi 5,000 na karatasi ya deni tuliyoiandika wenyewe. Alikuwa kizingitini. Hakutuuliza kama tumekula. Tukamweleza na tukamwomba radhi. Alisikiliza huku sindano yaenda, kisha akaiweka.

"Nilikuwa nikijua kuwa wapata kitu," akasema. "Si mtoto mimi. Nilisema mwenyewe, anasomesha wajukuu zangu, na chuo hakina kitu. Lau ungeniomba ningekupa. Lakini hukuniomba."

Tukasema ni kweli.

"Fedha nitaipokea, kwani ni haki yangu na paa lavuja. Hayo mengine nipe muda, Maalim."

Vijana hawakututajia jambo lile hata mara moja. Walifanya hesabu ya maonyesho yao: katika vitu thelathini na vinane viliuzwa kumi na tisa, na fedha yote ilikwenda kwa wenyewe. Wakaja kutushukuru na kuturudishia ufunguo. Pamoja na ufunguo waliacha daftari walimoandika majina ya watu wote walioleta kazi, na mbele ya kila jina aina ya kazi yake, na bei aliyoitaka mwenyewe, na bei iliyouzwa. Walitwambia daftari likae chuoni, mtu akitaka kuagiza kitu apajue pa kwenda. Mwaka 1447 walifanya tena, safari hii kwa vyumba vitatu na ua, na mabinti wa hina walikuwa sita. Yule mama alileta kofia mbili. Bei aliitaja mwenyewe, na aliyetaka kupunguziwa alimwambia akahesabu matundu kwanza. Mombasa hampelekei mtu tena. Wenye kuzitaka humwandikia mjukuu wake, naye huzituma kwa basi.

Kikaratasi cha jina lake cha mwaka wa kwanza alikichukua, akakibandika ndani ya mlango wake, mahali ambapo huonekana mlango ukiwa wazi tu.

Malipo ya pili ya deni tulimpelekea kabla ya Ramadhani, shilingi 5,000, na ya tatu, shilingi 4,000, baada ya Idi. Alizihesabu noti moja moja, akaichana ile karatasi ya deni mbele yetu, akaweka vipande katika mfuko wa nyuzi. Tukasimama kidogo, tukingoja. Akachukua sindano yake, akasogea mahali jua lilipokuwa limehamia.

"Ahsante, Maalim," akasema.